Mito Mitatu

Miaka kumi na mmoja mke wangu alilalia mito mitatu,
mito ya manyoya ya bata, foronya za buluu,
na usiku mmoja ukimponyoka
aliamka akitapatapa ndani ya kifua chake mwenyewe.
Mimi ni mfungua malango ya mfereji, huku Friesland:
naingiza boti chumbani, nafunga nyuma,
nasubiri maji yalingane, nafungua mbele.
Maji ndiyo ugali wangu tangu ujana,
na sikujua kwamba nalala kando ya mafuriko.

Alipokuwa na miaka tisa koo lilimwasha.
Kisha magoti yakavimba, baridi yabisi ya kitoto;
wakampa maziwa moto na asali, ikapita.
Haikupita.
Ilijibanza kwenye kilango cha kushoto,
kati ya chumba cha juu na cha chini,
ikakigandisha ukingo kwa ukingo, kama chokaa mdomoni mwa birika,
hadi pakabaki tundu la kifungo cha shati.

Daktari Postma alinichorea nyuma ya bahasha.
"Damu inapanga foleni hapa. Chumba kinatanuka.
Inayokosa mlango inasukuma ilikotoka, mapafuni."
Nikamwambia, hilo nalijua.
Lango likikwama, maji hayaendi mbele kulalamika;
yanarudi nyuma, yanalowesha malisho ya watu wasiohusika.
Akanitazama kama mtu aliyekutana na mtani wake.

Jumanne wakampasua.
Saa sita koridoni, harufu ya kahawa na dawa ya sakafu,
nikihesabu vigae, nikapotea, nikaanza upya.
Muuguzi Jeltje akatoka na namba
kabla hajatoka na maneno:
ishirini na sita, kabla.
Sasa tisa.
Milimita za zebaki. Mimi nimezoea sentimita za maji,
nikakokotoa kichwani
(habari kubwa humpa mtu hesabu ndogo):
ishirini na tatu, tofauti yake.
Nikatandaza kiganja ukutani, gumba hadi kidole cha mwisho.
Shubiri moja, chungu kama jina lake,
ndiyo iliyomkalia Wietske
tangu binti yetu ahame.

Postma akanionya nisishangilie mapema.
"Shinikizo limeshuka leo. Chumba hakitasinyaa leo,
pengine hakitasinyaa kabisa.
Na mishipa ya mapafu imejikaza miaka mingi;
itajilegeza kwa miezi, ikipenda."
Nikafikiria ukumbi wa harusi, wageni wameondoka,
viti bado vimesogezwa ukutani.

Nyumbani akaitaka mito yake yote.
"Namba ni za kwao," alisema. "Mgongo ni wangu."
Sikubishana. Nilimpangia mmoja, wa pili, wa tatu,
nikazima taa,
nikatega sikio kama kawaida:
kikohozi cha saa nane, dirisha kufunguliwa,
miguu ikitafuta viatu.

Wiki ya nne, saa tisa usiku, kimya kiliniamsha.
Hapakuwa na kikohozi. Hapakuwa na chochote.
Nikasema basi, amekwenda,
nikapeleka mkono gizani, nikaukuta uso chini kuliko nilivyouzoea.
Alilala chali, sawasawa, juu ya mto mmoja,
mdomo wazi, akikoroma kidogo kidogo
kama motaboti inayosubiri zamu yake.
Mito miwili sakafuni.

Nilipaswa kulala. Usingizi ukagoma.
Sikio langu lilikuwa limetanuka miaka kumi na mmoja
na hakuna aliyeliambia kwamba maji yameshuka.
Nikaokota ile mito, nikaiweka mgongoni pangu,
nikakaa wima hadi madirisha yakaanza kupauka
na boti ya kwanza ikapiga honi langoni.

Akafumbua jicho moja. "Harmen," akasema,
"mbona umekaa kama mimi?"